Kidonge cha mafuta na hasira za dereva

KUTOKA MPAKANI
Na Elia Simbeye

Ukikaa na madereva wa malori pale Chapwa au Mpemba, wakisubiri zamu ya kuvuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, hukosi kusikia kwamba vidonge vya kushusha mafuta kwenye damu vinamfanya mtu awe mkali na akose usingizi. Ushauri unaofuata ni mmoja: achana navyo.

Malalamiko hayo si ya kupuuzwa. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitaka karatasi za maelezo ya statini, kundi la vidonge hivyo lenye kina atorvastatini na simvastatini, zitaje sonona na usumbufu wa usingizi kuwa madhara yanayoweza kutokea. Wapo pia wagonjwa wachache walioandikwa na watafiti: walianza dawa wakawa na hasira, wakaacha wakatulia.

Lakini kuna upande wa pili. Mwaka 2020 watafiti wa London walitoa matokeo ya watu 60 waliokuwa wameacha statini kwa sababu ya madhara. Kwa mwaka mzima walipewa, bila kujua kipi ni kipi, miezi ya dawa halisi na miezi ya vidonge visivyo na dawa. Miezi mingine hawakumeza chochote. Madhara waliyoyapata wakiwa kwenye dawa, asilimia 90 yake yalijitokeza hata kwa kidonge kitupu. Maumivu yalikuwa ya kweli, ila yaliletwa zaidi na kitendo cha kumeza kidonge kuliko dawa yenyewe. Nusu yao wakarudi kwenye dawa.

Na kuacha kuna gharama. Utafiti wa nchi za Skandinavia wa mwaka 1994, kwa wagonjwa wa moyo 4,444, ulionyesha simvastatini ilipunguza vifo kwa asilimia 30.

Tuwe wakweli pia kuhusu maisha ya foleni. Mtu analala kwenye kabini, anakula chipsi mayai na kitimoto, posho ya njiani imekata na bosi anapiga simu kila saa. Huyo atakuwa mkali hata kama hajameza kitu.

Ugomvi wangu mimi ni na dirisha la dawa. Mkasi unakata pakiti, vidonge vinaingia kwenye bahasha, juu yake inaandikwa 1x1 usiku. Karatasi ya maelezo, tena ya Kiingereza, inabaki kwenye boksi. Mgonjwa asipoambiwa na mfamasia, ataambiwa na kijiwe.

Kwa hiyo daktari anayeandika statini aulize habari za usingizi na hasira, kama anavyouliza maumivu ya misuli, kabla ya dawa na tena mgonjwa akirudi. Mgonjwa naye akumbuke mabadiliko yalianza lini, na amsikilize mkewe, maana mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kuyaona. Daktari anaweza kupunguza dozi, kubadili aina, au kusimamisha dawa kwa muda huku akimfuatilia. Madhara yakionekana, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) iarifiwe. Kazi ya kupokea taarifa hizo ni yake.

Anayepata mawazo ya kujidhuru, iwe kwa sababu ya kidonge au ya kitu kingine, asingoje tarehe ya kliniki. Aende hospitali siku hiyo hiyo, na lori libaki na utingo.