MZEE WA KIJIJINI ASIISHI KWA HOFU

Mtu akishuka Lamadi, pale barabara ya Bariadi inapokutana na ile ya Mwanza na Musoma, huona maduka, magari ya watalii waendao Serengeti na vijana wakigombania abiria. Lakini akiiacha lami na kutembea mwendo wa saa moja au mbili, hukuta kaya zilizozungushiwa minyaa. Humo anaishi mzee au bibi kwa jembe lake, michembe yake na mbuzi wachache. Watoto wamemwita Mwanza, amekataa.

Wako wasemao kwamba wazee hawa wamekataa maendeleo. Sisi tunasema hapana. Mwaka 1985 Mwalimu Nyerere alipoacha urais alirudi Butiama, mbele ya Lamadi kwa njia hiyo hiyo ya Musoma, akashika jembe. Nani alithubutu kumwita mshamba? Basi lililokuwa heshima kwa Rais haliwezi kuwa aibu kwa mkulima.

Lakini tusijidanganye. Kuishi kwa uchache ni hiari ya mtu. Kuishi kwa hofu si hiari. Katika Usukuma vikongwe wengi wameuawa kwa mapanga, eti kwa sababu macho yao ni mekundu. Macho hayo yametiwa wekundu na moshi wa miaka mingi, maana penye uhaba wa kuni hupikiwa kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Mpiga ramli humtaja bibi, na mara nyingine nyuma ya ramli imo tamaa ya shamba lake. Hiyo si mila, ni uuaji.

Sera ya Taifa ya Wazee ilitolewa mwaka 2003. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Bara nako tuifuate njia hiyo. Aliyelima pamba miaka 40 amelitumikia taifa sawa na karani. Zahanati imfikie na dawa ziwemo. Na sungusungu, walioanza kwa kuwasaka wezi wa mifugo, wamlinde bibi kama wanavyomlinda ng'ombe.

Nanyi vijana wa Lamadi, nendeni mkawaone wazee wenu wakiwa hai, msingoje matanga. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Je, tukiwaua wazee, ni neno gani litakalosalimika?