Chumba kikifuata mkono wa mchongaji, nani analipwa?

Ingia chumba cha hoteli Kitui mjini au Wote. Mara nyingi juu ya kitanda utakuta picha ya daraja la ng'ambo na kando yake taa ya plastiki. Ukifungua dirisha, nje kuna mbuyu. Tena ukitoka Kitui na kushika barabara ya Machakos unapita Wamunyu, kijiji cha wachongaji tangu enzi za Mutisya Munge, aliyejifunza kazi hiyo Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia.

Kwani mkono huo hauwezi kuingia chumbani? Unaweza. Tangu ugatuzi uanze 2013, semina za kaunti zimeleta wageni wa kulala, na ujenzi wa bwawa la Thwake, mpakani mwa Kitui na Makueni, umeongeza wengine. Hoteli inayotaka kujitofautisha inaweza kumpa mchongaji mmoja kazi ya kubuni kitanda, kiti, taa na hata mpini wa mlango.

Wajapani walishaonyesha njia. Mwaka 1951 mchongaji Mmarekani mwenye asili ya Japani, Isamu Noguchi, alifika Gifu, mji maarufu kwa taa za karatasi na mianzi. Akabuni taa alizoziita Akari, na mafundi wa mji huohuo wakazitengeneza. Hadi leo zinauzwa kwa jina lake. Mafundi walipata kazi, naye msanii hakusahaulika.

Kwetu hatari ni hii: kijana anauza kinyago kimoja kwa bei ya kutupa, mnunuzi anakipiga picha, kisha karakana ya mbali inatoa viti 40 vya umbo hilo. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inalinda sanamu kwa maisha ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Lakini hailindi mtindo. Anayenakili umbo lako unaweza kumshtaki. Anayesema ati "nilivutiwa tu" ni vigumu kumshika.

Kwa hivyo andikianeni kabla hujashika patasi. Malipo ya ubunifu yawe kando na malipo ya kazi ya mkono. Kila kipande cha ziada kihesabiwe. Jina lako liwekwe chumbani. Na kama umbo limetoka kwenye urithi wa jamii nzima, kama nakshi za kiondo, Sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi inataka jamii iombwe ruhusa kwanza.

Mwenye hoteli naye ana hoja yake: kiti cha dukani ni rahisi na kinafika kwa wakati. Hapo tusidanganyane, fundi asiyetimiza tarehe anawaharibia wenzake wote.

Kinyago cha kando ya barabara unakiuza mara moja. Umbo lililo katika vyumba 40 linaweza kukulipa mara 40, mradi karatasi inasema ni lako.