Mama, usikubali haraka flashi ifutwe



Vikundi vyetu vingi sasa vinatunza hesabu za AVEC, picha za arusi na nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto ndani ya flashi au diski ya nje. Kitu kile kinatoka kwenye kompyuta ya Linux, kinapelekwa kwenye kompyuta ya Windows pale wanapochapisha makaratasi. Hapo Windows inaweza kusema: diski hii lazima ifomatiwe kwanza. Ukijibu ndiyo, vyote vinafutwa, na mtoto aliyengojea karatasi yake ya kuandikishwa shule anabaki mikono mitupu. Kumbe diski haikuwa mbovu.

Sababu ni hii. Kila diski ina mpango wake wa kutunza mafaili, kama vile mwandishi mmoja anavyopanga daftari la kikundi kwa tarehe na mwingine kwa majina. Kompyuta isiyojua mpango ule inadhani daftari ni tupu.

Mpango wa FAT32 unasomwa karibu na kompyuta zote, lakini faili moja haiwezi kufika GB 4. Kwa hiyo video ndefu ya arusi inakataliwa hata kama nafasi ingali nyingi. Mpango wa exFAT hauna kizuizi hicho. Windows na Mac zinausoma, na Linux inausoma yenyewe tangu toleo la 5.4 la mwaka 2019. NTFS ni ya Windows, lakini Linux za sasa zinaisoma na kuiandika. Ext4 ni ya Linux: inatunza hata haki ya nani asome na nani aandike, ila Windows peke yake haiisomi.

Basi tunashauri hivi. Flashi inayozunguka kwa watu wengi, ipangwe kwa exFAT. Diski ya akiba inayobaki kwenye kompyuta ya Linux, ipangwe kwa ext4. Kubadili mpango kunafuta kila kitu. Kwa hiyo nakilini kwanza vitu vyote mahali pengine, mvifungue muone kama vinasomeka.

Na kabla ya kuchomoa, bonyezeni neno la kutoa diski, msubiri ruhusa. Linux inaweza kuonyesha imemaliza, kumbe ingali inaandika.

Kompyuta ikiuliza kufomati, jibuni hapana. Rudisheni flashi kwenye kompyuta ilikotoka, muangalie huko kwanza.