Umelipia Masters, Halafu Kozi Inabadilishwa Ukiwa Katikati. Nani Huamua?

Cuzo wangu anasomea masters. Mchana yuko job Industrial Area, jioni anakimbia campo, wikendi ni laptop na chai ya rangi. Mwaka jana alimaliza masomo yote ya darasani, akabaki na tasnifu peke yake. Sisi kwa familia tulikuwa tushaanza kuhesabu mbuzi wa graduation.

Wiki kadhaa zilizopita akanipigia simu, sauti iko chini kabisa. "Bro, wamebadilisha kozi. Ati kuna yuniti mbili mpya lazima tufanye."

Nikamuuliza, "Ni nani wamebadilisha?"

Akanyamaza. Hakuwa anajua. Alichokuwa nacho ni notisi ya ukurasa mmoja, mtu ameitupa kwa group ya WhatsApp ya darasa saa nne usiku, na chini yake emoji za kulia zimejaa. Yuniti mbili ni karo ya muhula mwingine. Na hiyo doo haikuwa kwa mfuko, alikuwa ameanza kuangalia loan ya sacco.

Jina la chuo sitaji, ju jamaa bado anataka kugraduate kwa amani. Na mimi usinichukulie profesa. Niliacha campo nikiwa third year karo iliponilemea. Lakini hilo swali la "nani" lilinikaa kichwani, nikaanza kusoma sheria na kuuliza wasee wenye wamekaa kwa hizo kamati. Rada ndio hii.

Faili hutembea aje

Kitu cha kwanza ujue: hakuna lec mmoja anaweza kuamka asubuhi akaongeza yuniti kwa masters yako. Kwa karatasi, angalau, haiwezekani.

Mabadiliko huanzia kwa idara. Ma-lec wanakaa chini, wanasema kozi yetu imezeeka, tutoe hii, tuingize ile. Hapo wanafaa kuonyesha sababu: soko la kazi linataka nini, waajiri na wahitimu wa zamani wanasema nini, vyuo vingine vinafunza nini. Hiyo ripoti inapanda kwa bodi ya kitivo, mahali idara zingine zinaiangalia. Hawa ndio huuliza maswali magumu, kwa mfano, "Hii yuniti si ndio sisi tunafunza tayari?"

Ikitoka hapo, kwa kozi za masters na PhD kuna kituo cha ziada: bodi ya masomo ya uzamili, yenye vyuo vingine huita graduate school. Kazi yao ni kuangalia kama kiwango kinatosha, kama kuna wasimamizi wa kutosha wa tasnifu, na kama muda na masaa ya masomo yanafikia viwango. Halafu kuna kamati ya ma-dean. Mwisho wa chuo ni Seneti. Sio ile ya kina seneta wa kaunti, hii ni Seneti ya chuo, maprofesa na wakuu wa vitivo, na anayeongoza kikao ni naibu chansela. Kwa mambo ya masomo, hao ndio wenye neno. Majina ya kamati hubadilika kutoka chuo hadi chuo, lakini ngazi ni karibu zile zile.

Ukitoka nje ya geti kuna CUE, yaani Commission for University Education, ofisi zao ziko Gigiri. Kozi mpya lazima ipite kwao kabla ifunzwe. Wanatafuta wataalamu wa hiyo fani kutoka nje ya chuo, wanasoma mtaala kurasa kwa kurasa, wanaangalia ma-lec, maktaba na vifaa, ndio waseme ndiyo ama la. Kurekebisha kitu kidogo, kama jina la yuniti, huwa ni story ya ndani ya chuo. Lakini ukibadilisha kozi hadi inakuwa kitu kingine, hiyo ni kazi ya Gigiri tena.

Na usichanganye masomo na pesa. Karo ni mlango mwingine. Hiyo huamuliwa na Baraza la chuo, sio Seneti. Mnakumbuka Julai 2021 makomredi wa UoN wakiingia barabara ju karo za masters na za wanaojilipia zimepanda? Kozi zilikuwa zile zile, bei ndio ilibadilika. Kwa cuzo ilikuwa kinyume: bei ya yuniti ni ile ile, lakini yuniti zimeongezeka. Mwishowe mfuko unaumia sawa, ila mlango wa kubisha ni tofauti.

Huu mlolongo haukuletwa ili kusumbua watu

Najua unafikiria, hizi kamati zote ni za nini? Kahawa na mandazi? Sikia hii.

Kabla ya 2012, kila chuo cha umma kilikuwa na sheria yake binafsi kutoka Bunge. Commission for Higher Education, iliyoanzishwa 1985, ilikuwa inabanana zaidi na vyuo vya private. Vyuo vya umma vilijipitishia kozi vyenyewe. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 ndio iliweka wote kwa laini moja chini ya CUE.

Na kwa hiyo kitambo, watu waliumia. Kuna wahitimu wa uinjinia, zaidi ya 100, wenye walimaliza miaka yao yote campo, wakavaa gauni, wakapiga picha na mathe. Kufika kwa bodi ya kusajili mainjinia wakaambiwa kozi yao haitambuliki. Digrii iko mkononi lakini huwezi jiita injinia. Hiyo kesi ilipanda hadi Supreme Court, na uamuzi ukatoka 2018 ukiwapa haki. Lakini hesabu hiyo miaka. Wenzao walikuwa wanajenga barabara, wao wanajenga faili ya korti. Mwaka wa 2016 Bunge lilirekebisha sheria kusema CUE ndio yenye mamlaka ya kuidhinisha kozi za vyuo, ili mwanafunzi asikae katikati ya wazee wawili wakivutana.

Halafu kuna JKUAT, Juni 2019. Siku moja, graduation moja, PhD 118. Nchi nzima ikashtuka. Waziri wa Elimu wakati huo, marehemu George Magoha, akataka CUE iingie. Viwango vya CUE vinasema msimamizi mmoja asibebe zaidi ya wanafunzi 3 wa PhD na 5 wa masters kwa wakati mmoja. Ripoti ikasema kulikuwa na makosa, ikiwemo wasimamizi kubeba watu kupita hicho kiwango. Chuo kilijitetea. Lakini fikiria wewe ndio uko kwa hao 118 na ulisota miaka mitano kihalali. Kila mahali unaenda na CV yako, mtu anakuangalia na jicho la "wewe ni wa ile batch?"

Hiyo ndio maana ya hizi kamati. Zikilala, anayelipa sio naibu chansela. Ni wewe, na karatasi yako.

Sasa shida iko wapi?

Wengi wanasema shida ni kwamba mlolongo ni mrefu. Ni ukweli, ni mrefu. Lec mmoja aliniambia walianza kurekebisha masters yao na kufikia wakati ilipita, software yenye walikuwa wanataka kufunza ilikuwa imetoka kwa mtindo. Na mabadiliko yenyewe tunayahitaji. Hakuna mtu anataka kulipa mamia ya maelfu asome notes za 2009 zenye zimepigwa photocopy hadi herufi zimefifia.

Lakini mi naona urefu sio ugonjwa mkubwa. Ugonjwa ni kwamba karatasi husafiri kwenda juu na hairudi chini. Faili inapanda kutoka idara hadi Seneti, kila mtu anaweka sahihi. Uamuzi ukishatoka, mwanafunzi anaupata kwa WhatsApp, nusu nusu, bila tarehe, bila kuambiwa unamhusu nani.

Na hapo kwa "unamhusu nani" ndio uhondo uko. Kila mara kozi ikibadilishwa kuna maswali mawili. La kwanza: kozi mpya itakuwa na nini? Hilo linajadiliwa miezi na miezi. La pili: wale wako katikati wataenda na ipi, ya zamani ama mpya? Hilo la pili ndio linagusa pesa yako, na ndio hupewa dakika chache mwisho wa mkutano watu wakitafuta funguo za gari. Jibu la haki linajulikana: uliyeanza na mtaala wa zamani umalize nao, ama ukihamishwa, yuniti zako zihesabiwe na usilipe mara mbili. Lakini kama hiyo sentensi haijaandikwa kwa notisi, haisaidii mtu.

Pia tusijidanganye kuhusu chapaa. Vyuo vingi vya umma vina madeni ya mabilioni. Mpango mpya wa ufadhili wa 2023 ulikuwa wa wale wa digrii ya kwanza. Msee wa masters kwa kawaida anajilipia kutoka kwa mshahara, na mlango wa HELB kwa masters ni mwembamba. Kwa chuo chenye hakina kitu, wewe ni mteja wa cash. Hapo ndio jaribu la kutangaza kozi na kuanza kupokea karo kabla Gigiri haijasema ndiyo linapoingia. Sisemi kila chuo hufanya hivyo. Nasema ukiona tangazo la masters yenye jina tamu, "Digital" hii na "Data" ile, usitume doo kabla ya kuuliza.

Unauliza nini, na unauliza nani

Hii ndio list nilimpea cuzo. Screenshot ukitaka.

Moja, kabla ya kujiunga: ingia kwa tovuti ya CUE, wana orodha ya kozi zenye wamepitisha kwa kila chuo. Jina lazima lilingane neno kwa neno. "Inafanana" sio jibu.

Mbili, weka barua yako ya kuitwa na kile kitabu cha kozi cha mwaka ulioingia. Hiyo ndio inaonyesha ulikubaliana na chuo usome nini. Watu hutupa hizo vitu wakihama nyumba.

Tatu, ukisikia kozi imebadilika, uliza maswali matatu kwa maandishi: Seneti ilipitisha lini? Inaanza na kundi gani? Sisi wa katikati tumepangiwa aje? Sio kwa simu, sio kwa corridor. Barua ama email, na nakala kwa mkuu wa kitivo.

Nne, kama ni chuo cha umma, una sheria nyuma yako. Kifungu cha 47 cha Katiba kinasema uamuzi wa ofisi ukikuumiza, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inawapa siku 21 kukujibu. Wakinyamaza, kuna ofisi ya Ombudsman, na kupeleka malalamiko huko hakuhitaji wakili.

Cuzo alifika wapi?

Aliandika email Jumatatu. Kimya. Akaandika tena, hii mara akataja Kifungu cha 47, na nakala kwa dean. Siku mbili baadaye sekretari akampigia. Kumbe notisi ilikuwa na ukurasa wa pili. Ukurasa wa pili ulisema yuniti mpya ni za wale wataanza intake inayokuja, na walioko wamalize na mtaala wa zamani. Yule aliyetuma kwa group alipiga picha ukurasa wa kwanza peke yake.

Cuzo alicheka, halafu akakaa kimya kidogo. Ju wenzake watatu walikuwa wamesharegister hizo yuniti na kulipa. Mmoja alichukua loan. Mpaka nikiandika hii, bado wanafuatilia pesa yao, na wanaambiwa faili iko kwa uhasibu.

Hakuna mtu aliwaibia. Kamati zote zilikaa, Seneti ikapitisha, sheria ikafuatwa hadi mwisho. Kilichokosekana ni ukurasa mmoja kufika kwa watu wenye unawahusu. Kwa hivyo wewe wa masters, na wewe unapanga kuingia September: chuo kikikuambia kozi imebadilika, kabla ulie na kabla ulipe, itisha ukurasa wa pili.