Mnanunua megabiti, swichi mmeitelekeza

Jamani, hivi nani kawaroga wakubwa wa maofisi yetu? Simu za mezani zikikatakata, jawabu ni moja: "Mpigieni mtoa huduma atuongezee kasi!" Tangu mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009, tumezoea kudhani kila mtandao unaosuasua una kiu ya megabiti.

Hebu fungueni lile kabati lenye vumbi. Mna swichi za poti 24, zilizonunuliwa kwa bei mbaya kwa sababu eti zinapangika, na hamjapanga hata poti moja! Kila kitu kiko VLAN 1 kama kilivyotoka kiwandani: kompyuta za wahasibu, simu, kamera za ulinzi, laptopu za wageni. Tuseme mna kamera 16, kila moja inatuma megabiti 4 kwa sekunde. Hizo ni 64, usiku na mchana. Zipitishe kwenye waya wa megabiti 100 unaounganisha swichi mbili, pamoja na simu, kisha mtu aanze kunakili mafaili kwenda kwenye serva saa nne asubuhi. Mnategemea nini? Foleni iko ndani ya jengo, hata mkinunua gigabiti nzima kutoka nje mtabaki palepale.

Simu moja hula kama kilobiti 90 kwa sekunde tu. Haitaki wingi, inataka isisubirishwe. Ngazi za kipaumbele zimo kwenye viwango vya Etherneti tangu 1998, ziko 8, kuanzia 0 hadi 7, na sauti kwa kawaida hupewa 5. Basi fundi aipe sauti foleni ya mbele, poti ya wageni aiwekee kikomo, na kinasa cha kamera akichomeke kwenye swichi ileile ya kamera. (Na msidanganywe kwamba VLAN peke yake inaongeza kasi. Inatenganisha, lakini waya ni uleule.)

Kichekesho kingine: poti ya upande mmoja mtu kailazimisha ful dupleksi, ya upande wa pili kaiacha ijipange yenyewe. Hiyo ya pili inaangukia nusu dupleksi, taa zinawaka kijani kama kawaida, kumbe data zinagongana. Halafu analaumiwa mtoa huduma!

Kabla hamjasaini mkataba mpya, mwambieni fundi awaonyeshe hesabu ya makosa ya kila poti. Akibabaika, mnajua pa kuanzia.