Bustani ya Mama: Majani Siyo Mizizi

Wengi wetu tukisikia zabibu tunafikiria mashamba ya Dodoma tu. Lakini mzabibu mmoja uliopandishwa juu ya kichanja uani huwapa watoto matunda, nasi ukatupa kivuli cha kuchambulia mboga. Na mche wake si lazima kuununua.

Mbegu ya zabibu ikiota, haizai sawa na mama yake. Kipande cha tawi ndicho huwa mama yule yule, kwa uzuri na kwa ubaya wake. Kwa hiyo chagua mzabibu ungali na matunda, siyo siku ya kupogoa ambapo yote inafanana. Funga kitambaa kwenye ule uliozaa vizuri na wenye majani yasiyo na ugonjwa. Kule Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mwenye shamba akipogoa matawi mengi huishia kuwa kuni. Omba mapema.

Chukua tawi lililokomaa, la rangi ya kahawia, nene kama penseli. Tawi la kijani litaoza. Kata vipande vyenye macho manne: chini kata sawasawa karibu na jicho, juu kata mshazari. Mshazari huo utakukumbusha upande wa juu, maana kukipanda kichwa chini ni rahisi kuliko unavyodhani. Viloweke majini usiku mmoja.

Toboa kopo chini, jaza mchanga wa mto na udongo kiasi sawa, bila samadi mbichi. Fukia macho mawili, mawili yabaki nje. Weka kivulini juu ya mawe, kwa sababu ya mchwa. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope.

Sasa hapa ndipo miche mingi inapofia. Baada ya wiki chache macho hufumuka, majani yakapendeza, na mama akaona mche umeshika. Anauhamishia juani, siku ya tatu umenyauka. Majani yale yameota kwa akiba iliyokuwamo ndani ya tawi. Huko chini huenda hakuna hata mzizi mmoja! Kung'oa ili kuchungulia ni vibaya zaidi, kwani mizizi michanga hukatika kama uzi. Pengine hata vishada vidogo vya maua vitatokea. Vitoe, ingawa watoto watalalamika, kwa kuwa vinakula akiba ile ile.

Subiri miezi miwili au mitatu. Ukiona mizizi inachungulia kwenye matundu ya kopo, na tawi jipya linazidi kurefuka, zoesha mche jua la asubuhi kwanza, kisha uuhamishe mvua zinapoanza, kwenye shimo lenye samadi iliyooza.

Ukitaka mzabibu mmoja, panda vipande sita. Vingine hufa hata mikononi mwa mzoefu, na vikishika vyote, jirani naye ana ua.