Chinon Ina Mvinyo, Kabati Ina Kesi

Chinon ni mji mdogo wa Ufaransa, kando ya mto Vienne. Tangu 1937 sheria inalinda jina lake: mvinyo wa pale unaitwa Chinon, na mtu wa bonde lingine hawezi kulibandika kwake. Zabibu zilizochacha tu, jamani!

Sasa njoo Kabati. Asali yetu ikiwa kwenye chupa inaandikwa "Kitui" na kusifiwa mpaka Nairobi. Asali hiyohiyo ikichachushwa kwa muratina iwe kaluvu, ile ya wazee kwenye ntheo, ghafla ni pombe haramu. Polisi wanamwaga, mama pima analala seli. Na msituletee hadithi za methanoli. Hiyo haitoki mzingani. Kaunti ipime kaluvu, itoe leseni, na chupa iandikwe Kitui. Nyuki ni walewale.